Turbo, joto na gari la kila siku

Anayetaka kuliongezea nguvu gari lake la turbo huanza karibu kila mara na turbo yenyewe. Ataulizia iliyo kubwa zaidi kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, atatajiwa bei, na kile kipoza hewa ambacho mafundi wetu hukiita intakula atakikumbuka baadaye, fedha zikibaki. Huko ni kuanza na mwisho. Tangu turbo ilipobuniwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, wahandisi walijua mapema namna ya kusukuma hewa nyingi ndani ya injini, kisha wakahangaika kwa miongo kadhaa kutafuta namna ya kuliondoa joto lililokuja na hewa hiyo. Uwezo wa kupoza ndio ulioamua kama turbo itabaki kwenye meli na ndege, ambako fundi yuko karibu saa zote, au itaingia kwenye gari la mwalimu anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Hoja yangu, kwa hiyo, ni kwamba kwa gari linalotegemewa kila siku fedha za kwanza ziende kwenye kupoza, na turbo kubwa iwe ya mwisho, na kwa watu wengi isiwepo kabisa.

Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi ndiye aliyeandikisha wazo la turbo mwaka 1905. Aliona kwamba moshi wa injini hutoka ukiwa bado na nguvu nyingi inayopotea bure. Moshi huo ukipitishwa kwenye gurudumu la mapanga, gurudumu hilo likaunganishwa kwa shafti moja na feni ya upande wa pili, feni itavuta hewa safi, itaigandamiza na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa zaidi huruhusu mafuta zaidi kuungua, na nguvu huongezeka bila injini kuongezwa ukubwa. Ilimchukua miaka 20 kupata matokeo ya kuridhisha. Mwaka 1926 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za dizeli zenye turbo zake, na nguvu ya kila injini ikapanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500. Lakini tuangalie ni injini gani zilizokubali mzigo huo kwanza. Zilikuwa dizeli kubwa, za mwendo wa taratibu, zilizozungukwa na maji ya bahari, zenye mafundi wanaozilinda usiku na mchana. Joto lilikuwa na mahali pa kwenda. Gari dogo la petroli halikuwa na neema hata moja kati ya hizo.

Angani mambo yalikwenda kwa haraka zaidi, na hapo ndipo sisi tunaoishi nyanda za juu tunapohusika moja kwa moja. Mwaka 1918 Sanford Moss, mhandisi wa General Electric, aliipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini iliyotoa nguvu farasi 350 bondeni ilitoa 230 tu mlimani. Turbo ilipounganishwa, ikatoa 356 palepale kileleni. Jiji la Nairobi liko kwenye mita 1,700 hivi, na hewa yake ina mgandamizo wa takriban asilimia 83 ya ule wa Mombasa. Gari lisilo na turbo hubaki na karibu sehemu hiyo hiyo tu ya nguvu zake likipanda kutoka pwani, na ndiyo maana wakazi wa bara huipenda turbo. Ila fadhila hiyo ina gharama. Ili kujaza silinda kiasi kile kile cha hewa, turbo ya Nairobi lazima izunguke kwa kasi zaidi na iigandamize hewa hiyo nyepesi kwa uwiano mkubwa zaidi kuliko turbo ya Mombasa, na hewa ikigandamizwa zaidi hutoka ikiwa ya moto zaidi. Tutarudi kwenye tarakimu zake.

Vita Kuu vya Pili vilitoa ushahidi ambao kila mwenye gereji angepaswa kuujua. Ndege ya kivita ya Marekani, P-38 Lightning ya kampuni ya Lockheed, ilikuwa na turbo mbili, na vipoza hewa vyake vilifichwa kwenye ukingo wa mbele wa mabawa. Ulikuwa ubunifu mzuri, kwa sababu haukuongeza upinzani wa upepo. Vipoza hivyo vilikadiriwa kwa injini za nguvu farasi 1,000 hivi. Injini zilipoboreshwa, turbo ziliweza kuzilisha hewa, ila vipoza vikashindwa kuipoza, na rubani akawa hawezi kutumia nguvu yote aliyokuwa nayo mkononi. Tatizo lilitatuliwa mwaka 1943 kwa toleo la P-38J, lililohamishia kipoza kikubwa zaidi chini ya pua ya kila injini, katikati ya vipoza oili, hata sura ya ndege ikabadilika. Aliyeamuru kazi hiyo ifanyike alikuwa ameelewa kwamba nguvu inayoweza kutumika hupimwa kwa uwezo wa kipoza.

Magari madogo yalilipuuza somo hilo yalipoanza. Mwaka 1962 General Motors ilitoa magari mawili ya turbo kwa wateja wa kawaida, Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Jetfire ndilo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Lilikuwa na injini ya silinda 8 ya lita 3.5, na waundaji wake waliacha uwiano wa mgandamizo ukiwa mkubwa, 10.25 kwa 1, ili gari lisiwe zito likiondoka. Kwa uwiano huo, hewa ya moto kutoka kwenye turbo ingeifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, yaani injini kugonga, jambo linalotoboa pistoni. Hawakufunga kipoza hewa. Walichofanya ni kuweka tangi dogo la mchanganyiko wa maji na kilevi cha methanoli, ulionyunyizwa kwenye hewa hiyo ili kuipunguzia joto. Kitaalamu njia hiyo ni sahihi kabisa, na hadi leo inatumika kwenye mashindano. Lakini mwenye gari alitakiwa kukumbuka kulijaza tangi hilo. Wengi walisahau. Tangi likikauka, vali maalumu ilipunguza presha ili kuinusuru injini, na mwenye gari akabaki na gari la bei ghali lisilokwenda. Katika miaka miwili yaliundwa magari chini ya 10,000, kisha kampuni ikajitolea kuwaondolea wateja turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida. Kwangu mimi tukio hilo ndilo kiini cha habari yote, kwani linaonyesha kwamba gari la kila siku linahitaji njia ya kupoza isiyotegemea kumbukumbu ya mtu. Kipoza hewa hakijazwi, hakiwashwi, hakina pampu wala kompyuta kikiwa cha kupozwa na upepo. Ni matundu na mapezi ya alumini tu, na kazi yake huifanya kila gari linapotembea.

Tarakimu zitasaidia hapa. Tuchukue hewa ya nyuzi 30, turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, na presha ya baa 0.8 juu ya ile ya kawaida. Kwa fizikia ya kawaida, hewa itatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 109 hivi, na uzito wake kwa kila lita utakuwa mara 1.43 ya hewa ya nje. Sasa ipitishwe kwenye kipoza kinachoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezwa, na tukubali kwamba baa 0.1 itapotea njiani kwenye matundu yake. Hewa itaingia kwenye injini na nyuzi 54 hivi, ikiwa na uzito wa mara 1.57. Je, mtu angeweza kuupata uzito huo kwa kuongeza presha tu, bila kipoza? Angeweza, akipandisha hadi karibu baa 1.1, lakini hewa yake ingeingia na nyuzi kama 132. Kiasi cha hewa ni karibu kimoja, na nguvu kwenye karatasi ni karibu moja, lakini injini moja inavuta hewa ya nyuzi 54 na nyingine ya nyuzi 132. Hiyo ya pili ndiyo inayogonga, na mwenyewe hufika gereji akiamini kwamba petroli ya kituo fulani ni mbaya. Na hili ndilo deni la Nairobi nililolitaja: turbo inayotakiwa kutoa huko kiasi kile kile cha hewa kilichotolewa Mombasa kwa baa 0.8 itaitoa ikiwa ya moto kuliko zile nyuzi 109, hata asubuhi ya ubaridi.

Watengenezaji walilifikia jibu hilo mmoja mmoja, kwa kukosea kwanza. BMW 2002 Turbo ilitoka mwaka 1973, ikakutana na mgogoro wa mafuta, ikafa baada ya magari 1,672. Saab ya Sweden ilifanya kwa busara zaidi. Katika 99 Turbo ya mwaka 1978, mhandisi Per Gillbrand na wenzake walichagua turbo ndogo inayoanza kusukuma mapema, yenye mlango wa kupunguza moshi ili presha isipite kiwango, na injini ya lita 2 ikatoa nguvu farasi 145. Ilibidi uwiano wa mgandamizo ushushwe hadi 7.2 kwa 1 kwa kuogopa kugonga. Miaka ya 1980 ilipoingia, Saab ikaongeza sensa inayosikia injini ikigonga na kupunguza presha papo hapo, kisha kwenye 900 Turbo 16 ikafunga kipoza hewa. Nguvu ikawa 175 na uwiano ukapandishwa hadi 9 kwa 1, maana yake gari likawa jepesi zaidi likiondoka na likala mafuta kwa uangalifu zaidi. Volvo nao waliiuza 240 Turbo kwanza bila kipoza, na nchini Marekani ilitoa nguvu farasi 127. Kipoza kilipokuja katikati ya miaka hiyo, ikatoa 162 kwa injini ile ile ya lita 2.1. Buick ya silinda 6, lita 3.8, ilitoka 200 mwaka 1985 hadi 235 mwaka 1986 ilipofungwa kipoza. Ni kweli kwamba pamoja na vipoza hivyo kulikuwa na mabadiliko mengine, presha ikiwemo. Lakini presha iliweza kupandishwa kwa sababu hewa ilikuwa imepoa. Oktoba 1986 Saab wakapeleka magari matatu ya 9000 Turbo kwenye uwanja wa Talladega, Alabama, wakayaendesha kilomita 100,000 kila moja, yakisimama kwa mafuta, matengenezo na kubadilisha madereva tu. La kwanza lilipata wastani wa kilomita 213 kwa saa. Januari 1989 Subaru Legacy ya turbo ikaenda umbali huo huo huko Arizona kwa wastani wa kilomita 223.

Mtu anaweza kupinga kwamba uwanja wa mbio si foleni ya Mombasa Road. Kwenye uwanja upepo hauishi, kipoza hakikosi hewa, na injini haizimwi ikiwa ya moto. Pingamizi hili ni la kweli, na linaukaza ushauri wangu. Kama turbo ya kiasi, iliyopozwa vizuri, inahimili kilomita 100,000 kwa mwendo ule, basi udhaifu wa gari letu hautoki kwenye turbo kuwa ndogo, unatoka kwenye upepo uliokosekana. Aliyesimama kwenye foleni saa nane mchana anahitaji feni inayofanya kazi, rejeta safi, na oili isiyopitiliza muda wake. Hata turbo yenyewe ilipata msaada wa namna hiyo: katika miaka ya 1980 watengenezaji walianza kupitisha maji kwenye kiini chake, kwa sababu oili iliyobaki kwenye beringi baada ya injini kuzimwa ghafla iliungua na kuganda kama masizi. Mazoea ya madereva wa malori ya kuiacha injini iungurume kidogo kabla ya kuzima yalizaliwa na tatizo hilo.

Ushahidi wa nyumbani upo pia, na hauna uhusiano na nyanja za mbio. Safari Rally ya mwaka 1984, ya 1985 na ya 1986 zote zilichukuliwa na Toyota Celica Twincam Turbo, mara mbili kwa usukani wa Björn Waldegård na katikati Juha Kankkunen. Gari hilo lilivutwa kwa magurudumu ya nyuma tu, na nguvu zake zilikuwa chini ya zile za Audi na Peugeot za wakati huo. Kwenye barabara za Ulaya lilishindwa. Kwenye vumbi, matope na jua la Kenya lilifika, mwaka baada ya mwaka, na wenye nguvu zaidi wakabaki nyuma yake. Sidai kwamba kupoza peke yake ndiko kulikoleta ushindi. Nasema mazingira haya yamekwisha kupima mara tatu mfululizo ni lipi hufika kati ya injini iliyosukumwa kwa kiasi na iliyosukumwa hadi ukingoni.

Wapo watakaosema tuache turbo kabisa, na watanyosha kidole kwenye Land Cruiser za mashirika ya misaada na kampuni za utalii. Nyingi zinatumia injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, na sifa yake ya kudumu hakuna anayeibisha. Nakubali: anayeishi mbali na fundi na asiyehitaji kasi achukue hiyo aiache kama ilivyo. Lakini neno hilo la kuiacha kama ilivyo ndilo wengi hawalisikii. Hufunga turbo juu ya 1HZ wakidhani wanaigeuza kuwa ndugu yake 1HD-T, yenye ukubwa ule ule na turbo ya kiwandani. Injini hizo mbili ni tofauti ndani. 1HZ huanzisha moto kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi, na mafuta yakizidishwa joto hujilundika hapo, ambapo nyufa hupenda kuanzia. Mercedes-Benz walipotoa 300SD mwaka 1978, gari dogo la kwanza la dizeli lenye turbo kuuzwa kwa umma, hawakubandika turbo juu ya injini ya zamani wakaenda zao. Waliweka vinyunyizi vya oili vya kupoza pistoni kwa chini, na vali za ekzosi zenye sodiamu ndani ya kuondoa joto. Kiwanda chenye sifa kubwa kuliko vyote kwa dizeli kiliona lazima kuibadilisha injini ili iweze kuihimili turbo ya kiasi. Fundi asiyeweza kufanya hivyo asiiguse.

Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka kwa mafundi wenyewe. Wanasema turbo kubwa inayofanya kazi bila kujikaza hutoa hewa ya baridi zaidi kuliko ndogo inayozungushwa hadi mwisho, kwa hiyo kubwa ndiyo ya kudumu. Kwa gari linalokimbia barabara kuu mzigo ukiwa mmoja, wana haki. Kila turbo ina eneo lake la ufanisi, na ndogo ikitolewa nje ya eneo hilo hugeuka tanuri. Gari la mjini, hata hivyo, huishi kwenye mizunguko ya chini, ambako turbo kubwa bado haijaamka. Dereva hukanyaga, hasubiri, anakanyaga zaidi, kisha nguvu inakuja yote kwa mkupuo na kuvunja kile kilichokuwa dhaifu, iwe klachi au gia. Na wanasema tena kwamba kipoza kikubwa huchelewesha presha na kikikaa mbele huiziba rejeta. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu sipendekezi kipoza kikubwa kuliko vyote dukani. Mwenye Subaru Impreza WRX ana kipoza chake juu ya injini, chini ya tundu la boneti, mahali palipochaguliwa tangu toleo la 1992 kwa sababu njia ya hewa ni fupi. Kasoro yake ni kwamba gari likisimama, joto la injini hupanda na kukipasha. Kukihamishia mbele huondoa kasoro hiyo na kuleta nyingine, mabomba marefu na rejeta inayopumulia hewa iliyokwisha pashwa. Kwa gari la foleni, kipoza kinene kidogo mahali pale pale, mfano wa kile cha toleo la STI, ni chaguo salama kuliko kuhamisha kila kitu.

Kabla ya hayo yote kuna jambo la umri. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, lakini gari la miaka 7 limekwisha kuona joto la kutosha. Mipira ya turbo imekakamaa, imeanza kuvuja kwenye vibano. Ndani ya kipoza kuna utelezi wa oili uliotulia chini, na kwa nje mapezi yamelazwa na mawe na kuzibwa na wadudu. Kipoza cha namna hiyo hakiwezi kuondoa asilimia 70 ya joto lolote. Turbo mpya ikifungwa mbele yake itasukuma kwa nguvu ili kufidia kinachovuja, itazidi kasi yake, na itakufa mapema.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fedha zako zigawe hivi. Kwanza kipoza kilichopo kitolewe, kioshwe ndani na nje, kipimwe kwa presha kikiwa pamoja na mipira yake yote, na iliyokakamaa ibadilishwe. Pili rejeta, feni na oili viwe sawa. Tatu, kama bado unataka nguvu, nunua kipoza chenye unene wa kiasi, kisha presha ipandishwe kidogo na mtu mwenye kifaa cha kusikia injini ikigonga na kupima joto la hewa inayoingia. Turbo ya kiwandani iache mahali pake mpaka vipimo hivyo vioneshe kwamba ndiyo inayokwamisha. Kwenye gari linalopeleka watoto shule na kurudi, kwa kawaida siyo.